Mzigo Hufungwa Pwani

Daftari la asali la kwenye kompyuta lilionyesha kwamba ndoo 14 zilipokelewa tarehe 1 Januari 2011. Mwaka huo kikundi chenyewe cha wafugaji nyuki kilikuwa hakijaundwa. Katibu, mama mtaratibu aliyeanza kazi ya hesabu kwa kupima nta kwenye mizani ya kuning'iniza, alinigeuzia monita nijionee mwenyewe.

"Mwalimu, hii mashine inatuharibia," alisema. "Umeme ukikatika, ukirudi tu inaandika miaka ya zamani. Mimi siku hizi naandika na kwenye kaunta buku. Nikimpelekea mwenyekiti tarehe hizi si ataniuliza?"

Nilifungua boksi. Ndani, kwenye bodi kuu, kuna betri bapa ya mviringo kama sarafu, aina ya CR2032, ambayo kazi yake ni kuitunza saa wakati kompyuta haina umeme. Ilikuwa imekwisha. Mjini betri hiyo inaweza kufa usijue, kwa sababu kompyuta ikiwashwa huenda kuuliza saa mtandaoni na kujirekebisha kabla hujaketi vizuri. Kule, ndani ya miombo ya wilaya ya Sikonge, kusini mwa Tabora, hakuna wa kuulizwa. Kompyuta ile haikuwa na intaneti wala hapakuwa na mpango wa kuiletea. Ilikuwa peke yake.

Kompyuta za namna hiyo ni nyingi katika mkoa wetu. Ziko kwenye ofisi za vyama vya msingi vya tumbaku, kwenye zahanati, kwenye parokia, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu ambako hufunikwa kitambaa cha kufuma kila jioni. Nyingi ni za mtumba, na karibu zote zina Windows iliyopigwa na fundi bila leseni, tena ya toleo ambalo watengenezaji wake wameshaliacha. Windows 7 iliachwa Januari 2020. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizipokei mashine hizi, kwa sababu inataka prosesa za miaka ya karibuni na kifaa cha usalama ambacho kompyuta ya 2011 haina. Zinabaki njia mbili: kutafuta fedha ya kununua kompyuta nyingine, au kuiwekea hii iliyopo mfumo wa Linux, ambao ni wa bure kwa haki na si kwa wizi.

Mimi ni mtu wa njia ya pili, na naisema bila kusitasita. Lakini Linux si kitu kimoja. Kuna mamia ya matoleo, na anayeanza akiuliza achague lipi, hupewa ushauri wa watu wenye intaneti usiku na mchana. Pakua hiki, kile kitajisasisha chenyewe, ukikwama tafuta jibu mtandaoni. Ushauri huo unafaa Dar es Salaam. Ukiufuata kwa ajili ya ofisi ya asali iliyo porini, utaikwamisha ofisi.

Nje kidogo ya mji wa Tabora, Kwihara, ipo nyumba ya tembe ambayo sasa ni makumbusho. Huwa nawapeleka wanafunzi wangu wa kompyuta pale, na mwanzoni hushangaa kwa nini. Pale, katika nchi iliyoitwa Unyanyembe, mwandishi wa habari Stanley alimwacha mvumbuzi David Livingstone tarehe 14 Machi 1872, naye Livingstone hakuondoka mpaka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na ushee alikaa akisubiri. Bidhaa alikuwa nazo, maana Stanley alimwachia. Alichokosa ni watu wa kubeba, na watu hao Stanley aliwaajiri pwani na kuwatuma bara, wanaume 57. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe msafara wa kawaida ulichukua kama miezi mitatu. Kitu usichokuwa nacho Kwihara kilikuwa mbali kiasi hicho.

Wanyamwezi waliijua hali hiyo kuliko Wazungu waliowaajiri, kwa kuwa ndio walioibeba biashara yote ile mabegani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na ulifungwa pwani, ukakazwa kwa kamba, ukajulikana una nini: merikani, kaniki, waya za shaba, ushanga. Habari ya ushanga ndiyo ninayoipenda zaidi. Rangi na saizi yake ilikuwa na soko mahali na mahali. Ushanga uliogombewa nchi moja uliweza kukataliwa nchi ya pili, na mfanyabiashara aliyeununua Unguja kwa kufuata macho yake angeweza kufika bara akakuta haumpatii hata kibaba cha mtama. Mwenye busara alianza kwa kuwauliza waliotoka bara karibuni: kule niendako wanapokea nini?

Basi nami huanza hapo. Kabla ya kutaja jina la Linux yoyote, namuuliza atakayeitumia amezoea nini, na fundi aliye karibu naye anajua nini.

Mama Katibu alizoea mambo matatu. Kitufe cha kufungulia programu kiko kona ya chini kushoto. Dirisha lililofunguliwa huacha kibao chake chini, ukikigusa linarudi. Faili zimo kwenye makabrasha, na flashi ikichomekwa hutokea mahali panapoonekana. Hayo hayaonekani kuwa mengi, lakini ndiyo kompyuta yake nzima. Ukimpa eneo-kazi ambalo vitufe vimepangwa ubavuni na orodha ya programu inajaza skrini yote, umemrudisha darasa la kwanza pasipo sababu. Huo ni ushanga wa rangi nyingine. Mzuri, lakini haupokelewi.

Kwa kigezo hicho matoleo mengi yanaondoka yenyewe mezani. Linalobaki mbele yangu, na ninalolipendekeza kwa anayeanza kwenye kompyuta iliyo peke yake, ni Linux Mint, katika sura yake iitwayo Xfce.

Ukoo wake unafaa kujulikana, maana unaeleza tabia yake. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Debian, unaoendeshwa na watu wa kujitolea mpaka leo. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, akaipa jina ambalo Mswahili analisikia mara moja: ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, Ubuntu walituma CD kwa posta bure kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Kwa watu wenye intaneti ya kusuasua huo ulikuwa wema mkubwa, na mimi bado nauheshimu. Mwaka 2006 Mfaransa Clement Lefebvre akaanza Mint juu ya Ubuntu, kwa nia ya kumpa mtu wa kawaida eneo-kazi lililo tayari, lisilomtisha.

Basi kwa nini nisiseme Ubuntu yenyewe? Kwa sababu mbili. Ya kwanza nimeshaigusa: eneo-kazi lake limepangwa kwa namna inayomtaka mtu wa Windows aanze upya. Ya pili ni kwamba siku hizi baadhi ya programu zake muhimu, kivinjari cha Firefox kikiwemo, huja kama vifurushi vya aina ya snap, ambavyo hutegemea ghala moja la mtandaoni na huwa vizito kufunguka kwenye diski ya zamani. Mint waliamua mwaka 2020 kutovitumia. Kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 na prosesa ya Core i3 ya kizazi cha pili, tofauti hiyo unaiona kwa macho.

Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itahudumiwa hadi 2029. Inataka RAM isiyopungua gigabaiti 2, na wenyewe wanashauri 4. Diski inataka gigabaiti 20 kwa uchache, na ukiwa na 100 utafanya kazi kwa raha. Ina sura tatu. Cinnamon ndiyo ya kupendeza zaidi, MATE iko katikati, na Xfce ndiyo nyepesi. Mtu mwenye kompyuta mpya achukue Cinnamon. Kwa mashine za mtumba sina mjadala, ni Xfce. Kama kompyuta ni kongwe kiasi cha kuwa ya biti 32, Mint hii haitaingia. Jaribu antiX, ukijua kwamba utamfundisha mtumiaji kwa siku nyingi zaidi.

Debian yenyewe ningeipenda kwa jambo moja linaloihusu sana kompyuta iliyo peke yake. Programu zake hutolewa pia katika picha za DVD, kwa hiyo unaweza kuweka maelfu ya programu kwenye flashi kubwa na kuiambia kompyuta izichukue humo kama vile ni ghala. Fundi aliyekomaa anaweza kuendesha ofisi nzima hivyo bila kugusa bando. Lakini kuiandaa kunahitaji mkono uliozoea. Kwa wilaya yenye fundi kama huyo, Debian. Kwa wilaya ambayo fundi ni kijana wa steshenari aliyejifunza mwenyewe, Mint, kwa kuwa ndiyo atakayoielewa siku mimi nisipokuwepo.

Huyo kijana wa steshenari ni muhimu kuliko mwongozo wowote. Kila kompyuta iliyo peke yake, kwa kweli, ina uhusiano na kompyuta moja nyingine: ile ya mahali wanapochapisha. Mama Katibu kabla ya kupata printa alikuwa akipeleka flashi mjini, kwenye kibanda cha steshenari chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na foleni ya wanafunzi. Flashi ile ikirudi ilikuwa na mgeni. Makabrasha yote yalikuwa yamegeuka vialama vidogo vyenye mshale, na ukikigusa kimoja, mgeni anaingia kwenye kompyuta yako na kukaa.

Watu wengi wa Tabora wanaufahamu ugonjwa huu, na wengine wamefuta kazi ya mwaka wakidhani imeshapotea. Haikupotea. Kirusi huyafanya makabrasha halisi yasionekane, kisha huweka vialama vya uongo vyenye majina yale yale. Siku ile niliichomeka flashi ya mama kwenye laputopu yangu yenye Mint nikamwita aangalie. Makabrasha yalikuwa pale, "ASALI", "MICHANGO", "BARUA", kwa sababu Linux haiijali ile alama ya kuficha inayowekwa kwa ajili ya Windows. Kando yake vilikuwepo vile vialama vya uongo, vimelala, havina pa kufunguka. Tulivifuta kimoja kimoja. Mama alihesabu barua zake kwa kidole kwenye skrini.

"Kumbe zilikuwepo siku zote," alisema.

Sitaki mtu aondoke hapa akiamini Linux haiwezi kudhurika. Inaweza. Lakini virusi vinavyozunguka kwenye flashi za mitaa yetu vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na kwa ofisi ambayo mgeni wake pekee ni flashi, hiyo peke yake inatosha kuhama. Jambo la kuzingatia ni kwamba flashi yenye kirusi, hata kama haikukudhuru wewe, itamdhuru jirani. Isafishe kabla hujairudisha.

Niseme kidogo juu ya lugha, kwa sababu huulizwa kila mara kama Linux ina Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, kwa kushirikiana na wataalamu wa kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo vitufe vyake vyote vilisomeka kwa Kiswahili. Walikaa wakajadili neno moja moja litakuwa nini. Kwangu ile ni kazi ya heshima, na inaniuma kwamba haikuendelezwa kwa kasi ileile. Leo ukichagua Kiswahili kwenye Mint utapata mchanganyiko: sehemu imetafsiriwa, sehemu bado Kiingereza, na ndani ya dirisha moja lugha hubadilika njiani. Anayeanza huchanganyikiwa zaidi hapo kuliko kwenye Kiingereza chote. Kwa hiyo nachagua Kiingereza kwa vitufe, lakini saa, tarehe na sarafu naziweka za Tanzania, na makabrasha yote tunayaita kwa Kiswahili. Ofisini mwa asali hakuna kabrasha lenye jina la kigeni.

Sasa mzigo wenyewe. Hapa ndipo ninapotumia muda, na ndipo palipo na tofauti yote kati ya kompyuta ya mjini na hii yetu.

Picha ya Mint ina karibu gigabaiti 3. Ukiipakua, fanya hivyo usiku kama bando lako ni la usiku, kisha hakiki kwa ile namba ndefu ya uthibitisho inayotolewa kwenye tovuti yao, kwa maana faili likikatika katikati kwa sababu ya mtandao utakuja kuhangaika na makosa yasiyoeleweka. Iandike kwenye flashi. Kwenye Windows programu ya Rufus inafanya hivyo. Ukiwa na flashi ya gigabaiti 32, weka Ventoy, kisha nakili humo picha kadhaa bega kwa bega: Mint, Debian, na antiX kwa ajili ya mashine kongwe. Flashi ya namna hiyo mfukoni mwa fundi wa wilaya ni ghala dogo.

Washa kompyuta, bonyeza F12 kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP, uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Hapo ndipo pa kumkalisha mwenye kompyuta mbele ya monita, ajaribu kwa saa nzima. Sauti inatoka? Kibodi inaandika? Printa inaonekana? Ikimkataa, zima, toa flashi, na kila kitu cha zamani kipo vilevile. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtu mwenye hofu.

Akikubali, ndipo tunaiweka kwenye diski, na tunaiweka tukiwa mjini, penye mtandao. Hili nalisisitiza kwa sababu nililipia. Kompyuta ya kwanza niliyoiandalia kijiji niliiwekea mfumo, nikaiwasha, ikapendeza, nikaipakia kwenye bodaboda. Kufika, printa ndogo ya leza ilitambulika kwa jina lakini haikutoa karatasi. Zipo printa ambazo hudai kipande cha ziada cha programu, na kipande hicho hakimo kwenye picha ya mfumo. Huchukuliwa mtandaoni mara ya kwanza. Mtandao ulikuwa mjini. Nililala kule, asubuhi nikarudi Tabora na flashi mkononi, na kikao ambacho taarifa zake zilipaswa kuchapishwa kilifanyika kwa kusomewa.

Tangu siku hiyo printa husafiri pamoja na kompyuta. Printa ya ofisi huletwa mjini, inachomekwa, inachapisha ukurasa wa majaribio mbele ya macho yangu, ndipo tunaondoka. Vivyo hivyo kodeki za video na muziki: Mint haiji nazo, huzichukua mtandaoni ukikubali wakati wa kuiweka. Mwalimu mkuu atakayetaka kuonyesha video ya somo kule porini hatakuwa na wa kumlaumu isipokuwa aliyefunga mzigo.

Fonti nazo ni sehemu ya mzigo. Barua za ofisi zetu zimeandikwa kwa Times New Roman au Calibri, na Linux haina hizo. Ina Liberation Serif, yenye upana uleule wa Times, na Carlito, yenye upana uleule wa Calibri. Hakikisha zote mbili zimo, la sivyo barua ya kurasa mbili itafunguka ikiwa na tatu na sahihi ya mwenyekiti itaangukia ukurasa mtupu. Kisha nenda kwenye mipangilio ya LibreOffice uiambie ihifadhi nyaraka katika muundo wa Word na Excel tangu mwanzo, ili kijana wa steshenari azifungue bila maswali. Kitu cha kuchapishwa kipelekwe kama PDF, hakitabadilika njiani.

Nikibakiwa na nafasi kwenye diski, naongeza Kiwix na Wikipedia ya Kiswahili ndani yake. Inasomeka yote bila intaneti. Watoto wa katibu ndio waliokuwa wa kwanza kuigundua.

Diski yenyewe, kama fedha ipo, ibadilishwe iwe SSD. Gigabaiti 120 zinatosha. Inafufua kompyuta ya mtumba kuliko kuongeza RAM, na haina sahani inayozunguka, kwa hiyo mashimo ya barabara hayaitishi. Betri ya CR2032 ibadilishwe palepale bila kuuliza. Tulipokuwa tukimaliza, tulikata umeme kwa makusudi tukasubiri, tukawasha, tukaangalia tarehe. Ilikuwa sahihi. Umeme ukikatika ghafla, Linux nayo ina daftari lake la ndani ambamo huandika jambo kabla ya kulifanya kwenye diski, hivyo hurejea ikijua ilipofikia. Faili lisilohifadhiwa hupotea, hilo halina dawa ila kuhifadhi. Mfumo mzima haupotei kwa urahisi.

Swali linalobaki ni la masasisho, na wengi hudhani kompyuta isiyo na intaneti haiyahitaji. Inayahitaji, japo si kwa haraka ya mjini, kwa sababu flashi huingia na kutoka. Kuna programu iitwayo apt-offline ambayo kila ninapoitumia naikumbuka njia ya Bagamoyo. Unaiweka mapema ukiwa mjini. Kule kijijini, kompyuta huandika orodha ya kile inachokihitaji katika faili dogo sana. Faili hilo linasafiri kwa flashi hadi kompyuta yenye mtandao, pale linasomwa, vinavyotakiwa vinapakuliwa na kufungwa pamoja, na furushi linarudishwa kijijini na kufunguliwa. Tarishi huenda na orodha, mpagazi hurudi na mzigo. Mara mbili kwa mwaka zinatosha, na mama hufanya hivyo anapokuja mjini kwa mambo mengine ya kikundi.

Nakala za akiba tunaziweka kwenye flashi mbili. Moja inakaa kwenye droo ya ofisi, ya pili iko Tabora kwa mweka hazina, na kila safari zinabadilishana. Januari 1867 watu wawili waliomtoroka Livingstone waliondoka na sanduku lake la dawa, lote, maana dawa zote zilikuwa katika mzigo mmoja. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alijihisi kama amehukumiwa kifo. Sina haja ya kuongeza neno kwa mtu ambaye hesabu zake za miaka mitano ziko kwenye diski moja.

Kompyuta ya Mama Katibu ilipokuwa tayari, nilisafiri naye siku ya Jumatano kuirudisha. Boksi tulilivingirisha ndani ya kitenge kisha ndani ya kipande cha godoro, monita nikaipakata mimi. Baada ya kuacha lami, bodaboda mbili zilitufikisha kabla ya adhuhuri. Wajumbe wanne walikuwa wamekaa chini ya mwembe nje ya ofisi wakitusubiri, na mmoja wao, mzee ambaye mizinga yake ya magome ndiyo mingi kuliko ya wote, aliingia ndani nyuma yetu akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Endeleeni, mimi natazama tu."

Mama aliiwasha mwenyewe. Alisubiri, akabonyeza kona ya chini kushoto, akafungua kabrasha la ASALI. Msimu ulikuwa umeanza na ndoo za kwanza zilikuwa zimepangwa ukutani, zimefunikwa majani. Mzee akaja karibu. Mama akamuuliza za kwake ni ngapi, akataja sita. Zikapimwa upya moja moja, akaandika uzito wa kila ndoo kwa kidole kimoja, akahifadhi kabla ya kuendelea na inayofuata kama nilivyomwomba. Halafu akaangalia kona ya chini kulia, akaitoa kaunta buku kwenye droo, akaufungua ukurasa wa siku ile na kuzilinganisha tarehe mbili.